Sahani ya Nanzala

Nyumbani kwa kaka Mariko, Nairobi.

Mke wangu Rasoa, mama wa Nanzala,

Pokea salamu zangu kabla ya maneno mengine, kisha uzigawe. Za Mama mpe kwa mikono miwili, za mtoto mwekee shavuni, zinazobaki ni zako. Mnaendeleaje? Magoti ya Mama yanasemaje na hii mvua? Yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anatudanganya na tumbo lake? Nataka kujua pia kama miwa ya shamba la chini imekatwa, au bado mnangoja trela huku inakauka kama ile ya jirani. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, na pale kwenye chumba cha kufulia cha hospitali bado hawajanifukuza. Kaka Mariko na shemeji hawajambo, wanawasalimu sana.

Isome barua hii peke yako kwanza. Najua ikifika Mama ataketi kando yako angoje kusomewa, kama kawaida yake, na simnyimi. Lakini safari hii mwambie una chungu motoni, uende nayo jikoni. Kuna mambo humu ambayo nataka uyajue wewe kwanza, halafu utaona mwenyewe jinsi ya kumfikishia.

Naandika kwa sababu naogopa. Sijawahi kukuandikia neno hilo, na hata sasa mkono unalikataa, lakini nikiandika lingine nitakuwa nakupamba tu.

Jumapili iliyopita Petero, mtoto wa shangazi, alipita hapa. Siku hizi ni utingo wa lori la sukari. Alituletea njugu ulizokaanga na yule kuku, ambaye alifika akiwa hai na mwenye hasira na kila mtu. Tukaketi, tukanywa chai, akatupa habari za kwetu Shianda: nani amejenga nyumba ya mabati, nani amenunua redio kubwa kuliko meza yake, na jinsi watu walivyopanda miwa mpaka mlangoni, hata mboga hazina pa kuota. Tukacheka. Halafu nikamuuliza habari za Nanzala.

"Huyo amekuwa mkubwa," akasema. "Siku hizi anakulanga na sahani yake peke yake. Nyanya yake, Kukhu, alimnunulia sokoni. Iko na maua."

Alisema kwa furaha, kama anayetoa habari njema. Shemeji naye akacheka, akasema wasichana wa siku hizi wanadeka. Mimi kikombe kilinishinda, nikakiweka chini. Petero ni kijana mzuri, lakini hajui ile sahani maana yake nini kwa sababu kwao haijawahi kuwapo. Mimi najua. Nimekula kwenye moja kama hiyo tangu siku nilipoanguka kifafa mara ya kwanza mpaka siku nilipopanda basi la kuja huku. Ni ile ya bati yenye ukingo wa bluu, inayokaa juu ya ukuta wa jikoni, mbali na zingine, pamoja na kikombe chake. Nyumbani kwetu tunakula ugali kwenye sinia moja, mkono kwa mkono. Hakuna anayetengewa sahani kwa kupendwa. Anayetengewa ni yule ambaye watu wanaogopa mate yake.

Nikamwita Petero nje, nikamuuliza waziwazi, "Nanzala ameanguka?"

Akaangalia viatu vyake. "Kwani hawakukuandikia?"

Ndipo akaniambia. Kwamba Baba mdogo Zablon alikuwa amembeba kwenye keria ya baiskeli asubuhi, wakipeleka mahindi kusaga, na walipofika kando ya ile mikaratusi ya marehemu Baba, njia ya kaburini kwake, mtoto akanyamaza katikati ya maneno, akalegea, akaanguka chini. Kwamba Zablon alisimama ng'ambo ya barabara akipiga nduru, na hakumgusa mpaka ilipokwisha. Kwamba ameanguka tena baada ya hapo, mahali palepale. Na kwamba Mama na Zablon wamekubaliana wampeleke mtoto kwenye kaburi la Baba asubuhi na mapema, wachinje kuku, wampe jina la marehemu dada yake Baba, ili Baba aridhike na kumwachilia.

Rasoa, sikulaumu kwa kunyamaza. Najua ulitaka nipone kwanza. Lakini sikiliza sasa yaliyonipata huku, maana barua zilizopita sikuyaandika yote, sikujua niyaanzie wapi.

Daktari wa kule hospitalini alisema ni lazima nipimwe kwa mashine inayosoma umeme wa ubongo. Nikadhani nimesikia vibaya. Nikamwambia, umeme gani tena, sisi kwetu Shianda umeme uko kiwandani tu. Akasema kila mtu ana wake kichwani, mdogo sana, na wa mtu anayeanguka huwa unavurugika ghafla. Nikaitikia kwa adabu. Nyumbani hatuna hata wa kuwasha taa, kumbe tunatembea nao kichwani.

Aliposema waya zitabandikwa kichwani, mimi niliwaza nywele zangu. Unajua kwetu nywele za mtu haziachwi ovyo mikononi mwa watu usiowajua. Basi usiku wa kuamkia siku ya kupimwa nikamwambia Mariko aninyoe zote kwa wembe. Nikazikusanya, nikazichoma kwenye jiko la makaa mpaka shemeji akatoka nje kwa harufu. Halafu nikajitazama kwenye kioo, nikaona nimefanana na mtu aliyetoka matangani. Kwetu kichwa kilichonyolewa hivyo ni cha mfiwa, na sikutaka kwenda hospitali na sura ya msiba, nisije nikaukaribisha. Nikachukua mafuta ya shemeji nikajipaka mpaka kichwa kikang'aa. Nikaenda nikijiona nimependeza.

Mama wa mashine anaitwa Dorika. Ni Mkamba, mnene, ana sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka mbali. Alinikalisha kitini akaanza kazi. Anapaka dawa nzito kama uji, halafu anakandamiza kidude cha chuma chenye waya. Kidude kinateleza. Anabandika tena, kinateleza. Cha nyuma ya sikio kikaangukia begani, cha utosini kikashuka polepole mpaka kwenye pua, nami nimekaa kimya nikidhani ndivyo inavyotakiwa.

"Nani alikupaka mafuta?" akauliza.

"Mimi mwenyewe."

"Ya nini sasa?"

Ningemwambiaje kwamba niliogopa ataninyang'anya nywele, kisha nikaogopa nitafanana na mfiwa? Akachukua pamba na spiriti akanisugua kichwa kama wewe unavyosugua sufuria ya maharagwe iliyoungua. Ndipo akaona zile chale nilizochanjwa na mganga wa Navakholo. Akapitisha kidole juu yake.

"Na hizi?"

"Ni za dawa."

"Zilikusaidia?"

"Zingenisaidia ningekuwa hapa?"

Akacheka, nami nikacheka, akabandika waya zake katikati ya zile chale.

Wagonjwa wenzangu walikuwa wameniambia kwamba mashine ile inaandika mawazo ya mtu. Na kweli, ina kalamu nyembamba zimesimama kwa safu, zinatetemeka juu ya karatasi ndefu inayojivuta yenyewe. Nikajilazimisha kuwaza mambo ya kanisani tu. Lakini jambo ukilikimbia ndilo linalokuja. Nikamkumbuka yule jirani aliyesogeza mpaka wa shamba letu, na yale niliyotamani kumfanya kwa jembe, na palepale kalamu zikaruka zote pamoja. Nikasema upesi, "Sikumfanya kitu."

"Nani?" Dorika akauliza.

"Huyo unayemwona hapo."

Aliposhika meza kwa kicheko nilijua nimejiaibisha. "Baba, haioni mtu," akasema. "Umepepesa macho tu. Hii ni kama kusikiliza mvua juu ya bati. Unajua kama inanyesha kwa nguvu ama polepole. Hujui inanyesha kwa shamba la nani."

Nikatulia kidogo. Kisha akafunga mapazia, akasogeza taa mbele ya uso wangu, akaniambia ataiwasha na kuizima kwa haraka, na nikisikia vibaya nimwambie.

Mwanga ukaanza. Waka, zima, waka, zima, polepole kwanza, halafu kwa kasi. Na hapo, Rasoa, nikajua niko wapi. Nilikuwa juu ya trekta yangu ya kazi, asubuhi, navuta trela ya miwa kwenda mizani ya kiwanda, napita kando ya miti ya Baba. Jua limetoka upande wa pili wa ile mikaratusi na kila shina linalikata: mwanga, kivuli, mwanga, kivuli. Ilikuwa ileile. Ladha ileile ya chuma mdomoni, na ule woga unaokuja bila sababu. Nilitaka kumwambia azime, ulimi ukakataa.

Nilipoamka nilikuwa chini, juu ya godoro, na kichwa changu kilikuwa mapajani mwa mtu.

Hapa usome taratibu. Nimeanguka nyumbani, nimeanguka barabarani, nimeanguka kwenye foleni ya mizani mbele ya madereva wote. Kila nilipoamka nilikuwa peke yangu, watu wamesimama mbali wamenizunguka, wameziba midomo kwa viganja. Siku ile ya jikoni niliamka mkono wangu ukiwa motoni. Wewe ulikuwa mlangoni, Mama amekushika usiingie, na machozi yalikuwa yanakutoka. Niliyaona. Sikukulaumu siku ile na sikulaumu leo. Sote tuliambiwa tangu utotoni kwamba anayegusa povu la mtu wa kifafa naye ataanguka. Lakini vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto havikunjuki mpaka sasa, na kifafa hakichomi mtu. Niliungua kwa sababu hakuna aliyenivuta.

Sasa nimeamka mapajani mwa Dorika, mke wa watu. Kiganja chake kiko kwenye paji la uso wangu, na povu langu liko kwenye mkono wa koti lake jeupe. Ananiambia, "Pole baba, imeisha. Lala tu." Nikashtuka kuliko nilivyoshtuka na taa. Nikamwambia, mama, nenda unawe, umenigusa. Akasema, "Nitanawa nikimaliza na wewe." Baadaye akanawa kwa sabuni kama mtu aliyetoka shambani, akajimiminia chai akanywa.

Tangu siku hiyo nilimngoja aanguke. Usinicheke. Kazi yangu ni kusukuma toroli la mashuka, na njia yangu inapita mbele ya chumba chake, kwa hiyo kila asubuhi nilichungulia. Hujambo, mama? Sijambo. Umelalaje? Vizuri. Kichwa hakikusumbui? Hakinisumbui. Kesho yake tena, kichwa? Mvua zikaja zikaisha, nami bado nauliza habari za kichwa. Hata nilipomwona ameinama kuokota kitu, moyo ulinipasuka. Mwishowe akaweka mikono kiunoni.

"Wewe Zakayo, unangoja nianguke, sivyo?"

Nikashika toroli langu niondoke.

"Mimi nimeshika watu wa kuanguka tangu kijana wangu wa kwanza hajazaliwa. Sasa ameoa. Utangoja sana."

Na kweli hajaanguka. Haya si maneno ya kuambiwa. Nimemwangalia kwa macho yangu kama mtu anayengoja ng'ombe azae, na yeye yuko vilevile, anakula, anagombana na watu, anacheka.

Daktari alinionyesha ile karatasi. Mwanzoni mistari imekwenda vizuri kama matuta ya mtu anayejua kulima. Palipowashwa taa ni fujo tupu, kama nguruwe wamepita usiku. Akaniambia kuna watu ambao ubongo wao hauvumilii mwanga wa kuwaka na kuzima upesi. Mara nyingine umeme wao unavurugika wenyewe tu, kama siku ile ya jikoni, lakini mwanga wa namna hiyo ndio unaouita haraka. Akaniuliza mara nyingi naangukia wapi. Nikamwambia, kwenye miti ya Baba, asubuhi. Akauliza, na jioni je? Nikafikiri. Jioni jua liko nyuma ya nyumba ya Zablon. Jioni sijawahi kuangukia pale hata siku moja.

Nyumbani tumesema muda wote kwamba ni hasira ya Baba. Kwangu mimi ilikuwa ni miwa tuliyopanda mpaka ubavuni mwa kaburi lake, na kwa mtoto sasa ni jina la dada yake. Baba alipokuwa hai hakuwa mtu wa kudaidai hivyo. Ukimpa chai isiyo na sukari alikunywa akashukuru. Sisemi kwamba waliotangulia hawana lao, Mama asije akasikia mwanawe amepotelea Nairobi. Nasema tu kwamba Baba alipanda mikaratusi yake kwa safu iliyonyooka, upande linapochomoza jua, akitaka nguzo za kujengea, na barabara inapita kando yake.

Sasa unaona ninachoogopa. Watamtoa mtoto asubuhi. Zablon atambeba kwa baiskeli, kwa sababu mtoto mwenyewe atakataa kwenda mahali pale kwa miguu. Watapita kando ya ile miti jua likichomoza. Na kama ana ugonjwa wangu ataanguka hapohapo, mbele ya ukoo wote, na moto wa kupikia kuku umeshawashwa. Watasema, mmeona, Baba amejibu. Hakuna atakayemgusa. Watu wazima watarudi nyuma na kumwachia nafasi, kama walivyoniachia mimi, na moto utakuwa palepale. Nikiwa kazini naona hilo. Nikiwa kanisani naona hilo. Juzi nilikunja shuka moja mara nyingi mpaka mwenzangu akaninyang'anya.

Kama ana ugonjwa wangu sijui, na daktari naye hajui. Alisema mara nyingine mtoto huupata kwa mzazi, mara nyingine sivyo, na kwamba hawezi kutamka neno kabla ya kumpima. Nilitaka aseme tu hana. Nilimwuliza mara ya pili kwa njia nyingine nikidhani atasahau, akanijibu vilevile.

Na kuna jambo jingine linaloninyima raha, nitakuambia ingawa utaniona mjinga. Huyu daktari ni kijana, anaipenda kazi yake, anaizungumzia kama mtu anayesimulia harusi. Alituambia mimi na Mariko kwamba huko ng'ambo wako madaktari wanaojaribu kupitisha waya mwembamba ndani ya fuvu la mgonjwa, wenye kidude cha kutuliza umeme unapoanza kuvurugika. Akasema labda wakati wa watoto wetu kutakuwa na kitu kidogo kama kifungo cha shati, mtu anakwenda nacho shambani na jikoni, kinamwonya kabla hajaanguka. Labda kitatuliza hata huzuni, na kukosa usingizi, na mawazo mengi. Mariko alifurahi kama aliyeahidiwa shamba. Mimi niliuliza jambo moja tu, swichi itakaa kwa nani. Daktari akasema kwa mgonjwa, au kwa daktari wake, hilo bado halijajulikana.

Umeona kwetu mtu akikabidhiwa ufunguo wa bomba la maji tu, anavyotutembelea juu ya vichwa. Huyo huyo akikabidhiwa ufunguo wa kichwa chenyewe itakuwaje? Na hiyo huzuni watakayoituliza, ndiyo inayonikumbusha kwamba nina mke na mtoto. Sitaki iguswe na waya wa mtu. Lakini baadaye nikamwaza Nanzala, ameinama juu ya chungu anakoroga uji, na kitu kinamwambia pale shingoni, kaa chini mama, sogea mbali na moto. Hapo nikajikuta natamani wafanye haraka, swichi ikae kwa yeyote. Naogopa wakivumbue na naogopa wachelewe. Mariko anasema niamue moja, nami siwezi.

Kwa sasa hakuna kifungo. Kuna vidonge, nami nameza asubuhi na jioni. Vinanipa usingizi wa ajabu na fizi zimevimba, lakini tangu nianze nimeanguka mara moja tu, na siku hiyo nilikuwa nimesahau kumeza. Trekta nimekatazwa. Nililia, nakuambia ukweli. Unajua nilivyoipenda, na watoto wakikimbia nyuma kuchomoa miwa, nami najifanya siwaoni.

Basi nisikilize, mke wangu. Mtoto asipite tena kwenye miti ya Baba asubuhi. Apite njia ya mtoni, ya kwa akina Loice, hata ikiwa na matope. Ikimlazimu kupita, azibe jicho moja kwa kiganja chake, azibe kabisa, na atazame chini mpaka miti iishe. Daktari alinionyesha, nami nimejaribu chini ya ile taa nikaona inasaidia. Asiachwe na moto peke yake. Akianguka, ondoa moto na vitu vyenye makali, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, iwe kijiko au maji au dawa ya mtu. Na umshike. Weka kichwa chake mapajani mwako, umwambie imeisha, hata kabla haijaisha. Mimi nimeamka kwa namna zote mbili, Rasoa, na sitaki mtoto aijue ile nyingine.

Halafu umlete. Nendeni mpaka Lurambi kwa dada yako mlale hapo, kesho yake mpande basi la huku. Nimeshazungumza na Dorika. Amesema atampima yeye mwenyewe, ila mtoto asipakwe mafuta kichwani.

Hapa sasa waweza kumsomea Mama.

Mama, naandika hili nikiwa nimevua kofia. Sikatai jina la shangazi. Nanzala aitwe Nabwire ukitaka, ni jina zuri, na shangazi alikuwa mtu wa kupenda watoto. Ninachoomba ni kwamba jambo hilo lifanyike jioni, hapo uani, jua likiwa limekwenda nyuma ya nyumba, na mimi nikiwapo. Baba alinisikia nikilia kutoka ng'ambo ya mto nilipokuwa mdogo, atasikia hata kutoka uani. Na siku ile ya jikoni, ulipomshika Rasoa mkono, najua uliogopa kupoteza wawili kwa mpigo. Nimeelewa hilo nikiwa huku, kwa sababu sasa nami nina woga wa namna hiyo. Lakini nimeguswa, Mama, na aliyenigusa ni mzima.

Nisalimieni Baba mdogo Zablon. Mwambieni baiskeli yake haina kosa, na yeye hana, ila asimbebe mtoto asubuhi. Nisalimieni mchungaji wetu, ambaye aliniombea kwa bidii akiwa amesimama mlangoni. Nisalimieni Loice, jirani yetu wa mtoni, mwambieni atavumilia kelele za mtoto akipita kwake kila asubuhi. Salamu kwa dada yako wa Lurambi, aandae mahali pa kulala. Mama mkwe mfikishie zangu kwa mbali na kwa heshima. Petero amepita tena na lori akirudi huko, nimempa barua hii mkononi, msimkaripie, hakujua anasema nini.

Nimebaki na neno moja, nalo ni lako tena.

Sahani yangu mimi niliizoea. Sikukuomba uniondolee kwa sababu niliamini ni haki yangu kutengwa, na wewe pia uliamini. Kwa mtoto siwezi. Sikuambii uivunje, wala usigombane na Mama. Leo jioni mkiketi kula, pakua ugali na mboga kwenye hiyohiyo yenye maua. Uketi chini na Nanzala, mle pamoja. Amege kwanza yeye, kisha wewe utie mkono palepale alipomega, Mama akiwa anaona.

Ni mimi mumeo,
Zakayo